Elijah Masinde: Tarishi wa Samansi wa Kimilili

Katika nchi ya Wabukusu, tangu Kabuchai na Chwele hadi Kimilili na mitaa ya Kitale, jina la Elijah Masinde halihitaji kutambulishwa. Wapo wanaomwita nabii. Wapo wanaomwita mpigania uhuru. Wapo pia waliorithi neno la serikali ya kikoloni, kwamba alikuwa mwendawazimu. Majina hayo matatu yameandikiwa mengi. Liko la nne ambalo hutajwa kwa kupitiwa tu, aghalabu katika sentensi moja, kabla ya msimulizi kukimbilia Dini ya Msambwa na damu iliyomwagika Malakisi: Masinde aliwahi kuwa tarishi wa mahakama ya wenyeji ya Kimilili. Kazi yake ilikuwa kupeleka samansi. Makala haya yanayafuatilia maisha yake kwa kuanzia kazi hiyo, maadamu mtu aliyekuja kuikana mahakama kwa muda wa miaka arubaini hakuikana kwa kutoijua. Aliijua kuanzia mlangoni.

Masinde alizaliwa takribani mwaka 1910 katika eneo la Kimilili, chini ya Mlima Elgon, mlima ambao Wabukusu wanauita Masaba. Kizazi kilichomlea kilikuwa kimeshuhudia mapigano ya Lumboka na Chetambe ya mwaka 1895, ambapo kikosi cha Waingereza kikiongozwa na C. W. Hobley kilizivunja ngome za Wabukusu kwa bunduki. Walioshindwa hawakuachiwa wajitawale. Waliwekewa machifu kutoka Wanga, na huko Kimilili aliyewekwa ni Murunga, nduguye Nabongo Mumia. Kwa hiyo mtoto aliyekulia Kimilili katika miaka ya 1910 na 1920 alikua akiona mambo mawili kwa pamoja: amri iliyotoka kwa Mzungu, na mtu wa kabila jingine aliyeitekeleza. Upande wa mashariki, mashamba ya walowezi yalikuwa yakipimwa na kugawanywa katika nchi ya Trans Nzoia, na Kitale ikageuka mji wa wenye mashamba. Wabukusu wengi walivuka kwenda huko, si kama wenyeji wa ardhi bali kama maskwota, wakilima kipande kidogo kwa masharti ya kumfanyia mwenye shamba kazi.

Ujana wake haukuwa wa uasi. Alisoma kidogo katika shule za misheni ya Marafiki, yaani Makweka, waliokuwa wameanzia Kaimosi mwaka 1902 na kuenea hadi nchi ya Wabukusu. Alicheza kandanda kwa ustadi, akawa nahodha wa timu ya Kimilili, na mwaka 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika shindano la Kombe la Gossage. Jambo hili si dogo. Kijana wa Kimilili aliyevaa jezi ya koloni zima alikuwa mtu wa kuonyeshwa kidole kwa sifa, na ni watu wa namna hiyo, wenye miguu mepesi, elimu kiasi na jina linalojulikana vijijini, ambao utawala ulipenda kuwapa kazi ndogondogo.

Mwaka huohuo wa 1930 ilipitishwa sheria mpya ya mahakama za wenyeji. Mabaraza ya wazee yaliyokuwa yakikaa chini ya miti yalipangwa upya yakawa mahakama zenye wazee walioteuliwa, karani, daftari, ada na mhuri. Mahakama hizi zilisikiliza kesi za Waafrika kwa Waafrika, kwa kufuata mila za wenyeji pale mila hizo zilipokubaliwa na serikali. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo. Asiyeridhika na hukumu alikata rufaa, na ngazi ya rufaa ilipanda hadi kwa Mkuu wa Wilaya, Mzungu yuleyule aliyekusanya kodi na kusimamia machifu. Wanaotaka kuuelewa ukaidi wa Masinde hawana budi kuikumbuka ngazi hiyo: mtu aliyemlalamikia chifu alipanda vidato vyake vyote na huko juu akamkuta mwajiri wa chifu.

Inafaa kutua hapa na kuuliza ni nini hasa kilichotendeka mtu alipofungua kesi katika mahakama ya namna hiyo, kwa kuwa Masinde alilifanyia kazi swali hili kwa miguu yake. Kwa kawaida ya Wabukusu, mgogoro wa ng'ombe wa mahari au wa mpaka wa shamba ulifikishwa mbele ya wazee wa ukoo na wa ngome, watu waliozijua nasaba za pande zote mbili. Mlalamikaji aliita watu wasikilize, na hao watu ndio waliohakikisha kwamba baada ya uamuzi majirani wanaweza kuendelea kuteka maji katika mto mmoja. Katika mahakama mpya mambo yalianza kwa namna nyingine. Yalianza kwa ada. Mlalamikaji alilipa, karani akaandika jina lake upande mmoja wa daftari na jina la jirani yake upande mwingine, na tangu wino ule ulipokauka wale wawili hawakuwa tena Fulani na Fulani waliotahiriwa katika rika moja. Walikuwa mdai na mdaiwa. Kisha ikaandikwa samansi, ikapewa tarishi.

Lugha ya Kiswahili yenyewe imehifadhi mabadiliko haya. Neno shauri lina maana ya kesi na vilevile lina maana ya nasaha, kana kwamba waliolitumia hawakuona tofauti kubwa kati ya kushauriana na kuamuliwa. Kushtaki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kulalamika, na daawa ni dai. Maneno haya yote yana mtu ndani yake anayesema. Samansi, iliyotoka katika Kiingereza na kutulia katika Kiswahili cha bara kama askari kambini, haina msemaji. Ni karatasi. Inamwita mtu kwa jina lake, siku fulani, mahali fulani, na asipofika kesi inaweza kusikilizwa bila yeye. Ndiyo sababu kupeleka samansi si sawa na kupeleka habari. Aliyepelekewa habari anaweza kuipuuza na ikabaki habari. Aliyekabidhiwa samansi amekwisha kubadilishwa hali, apende asipende, awe na hatia asiwe nayo.

Tarishi ndiye aliyebeba badiliko hilo mkononi. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini hawakusema kwamba mjumbe hupendwa. Kijana aliyeshangiliwa uwanjani Jumamosi alibisha hodi Jumatatu, na mwenye boma alijua kwamba karatasi ile inatoka kwa shemeji, au kwa ndugu wa baba mmoja, au kwa chifu. Kesi nyingi za mahakama hizo zilikuwa za mahari iliyodaiwa kurudishwa, za ng'ombe walioazimwa wakazaa, na za mipaka iliyobanwa na ardhi iliyozidi kupungua. Masinde aliona watu wakiuza mbuzi ili wapate ada ya kudai ng'ombe. Aliona pia jambo ambalo haliandikwi katika daftari lolote: kesi ambazo hazikuwa na pa kufunguliwa. Bukusu aliyetaka kumdai Mbukusu mwenzake ng'ombe mmoja alikuwa na mahakama. Bukusu aliyetaka kudai Trans Nzoia hakuwa nayo.

Waliokuwa wamejaribu mlango mkubwa zaidi walikuwa wamekwisha kujibiwa. Mwaka 1911 Wamaasai wa Laikipia walilazimishwa kuhama kinyume cha mkataba wa mwaka 1904, na baadhi yao wakaishtaki serikali katika Mahakama Kuu, Mombasa. Mlalamikaji wa kwanza alikuwa Murket ole Nchoko, ambaye kumbukumbu za kesi zilimwandika Ole Njogo. Mwaka 1913 walishindwa, wakakata rufaa, wakashindwa tena, na hoja iliyowashinda haikugusa kama walionewa au la. Iliamuliwa kwamba Kenya ya wakati huo ilikuwa nchi ya himaya, kwamba makubaliano yao na Waingereza yalikuwa mkataba kati ya mataifa, na kwamba mikataba ya namna hiyo haisikilizwi na mahakama za kawaida. Kwa maneno mengine, walikuwa wageni katika nchi yao wenyewe pale walipodai haki, na raia watiifu pale walipotakiwa kuhama. Miaka minane baadaye, 1921, Jaji Mkuu Barth alitoa uamuzi kwamba Waafrika waliokuwa katika ardhi ya Taji walikuwa wapangaji tu kwa hiari ya Taji hilo. Na Tume ya Ardhi iliyozunguka Kenya kuanzia 1932 kusikiliza madai ya Waafrika, iliyoacha Trans Nzoia ndani ya nyanda za walowezi, iliongozwa na Morris Carter, jaji aliyekuwa miongoni mwa walioitupa rufaa ya Wamaasai.

Haidhaniwi kwamba tarishi wa Kimilili aliyasoma haya vitabuni. Hakuhitaji kuyasoma. Mtu anayehudumu katika mahakama hujifunza upesi ni kesi zipi zinazoandikwa na zipi karani anazozirudisha kwa mkono.

Masinde aliiacha kazi ya utarishi katika nusu ya pili ya miaka ya 1930. Katika kipindi hichohicho uhusiano wake na kanisa la Marafiki ulivunjika. Alikuwa ameoa mke wa pili, na misheni haikuvumilia ndoa ya wake wengi. Kuna wasomi waliolichukulia jambo hili la ndoa kuwa chanzo chote cha Dini ya Msambwa, kana kwamba mtu huanzisha dini ili apate kibali cha ndoa. Rai hiyo ni nyepesi mno. Wanaume wengi walifukuzwa makanisani kwa sababu ya wake wa pili wakaishia kukaa nyumbani siku ya Jumapili. Masinde alikuwa na kitu kingine kilichomsukuma, na kitu hicho kinaonekana vizuri zaidi katika mambo aliyoyakataa kuliko katika ibada aliyoianzisha.

Dini ya Msambwa ilichomoza mwanzoni mwa miaka ya 1940, Masinde akiwa pamoja na Benjamin Wekuke na Joash Walumoli. Msambwa ni roho za wahenga na mila iliyorithiwa kutoka kwao. Wafuasi walimwomba Wele, Mungu wa Wabukusu, wakautazama Mlima Elgon kama Wakristo wanavyoutazama Sayuni, na hawakuona ajabu kuchanganya zaburi na tambiko. Wakati huo Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vinawabana watu. Vijana walichukuliwa jeshini, wengine wakapelekwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na machifu walikuwa na hesabu ya watu wa kutoa. Wenzake wa rika lake, akina Pascal Nabwana na Muungano wa Wabukusu, walichagua njia ya barua na maombi kwa serikali. Hawakuwa waoga, ni njia iliyotaka subira na ikazaa viongozi wa baadaye. Masinde hakuandika maombi. Mwombaji, kama mdai, huanza kwa kukiri kwamba anayemwomba ndiye mwenye uwezo wa kutoa.

Mwaka 1944 alikataa amri za utawala, na watumishi wa chifu waliomwendea walipambana naye. Hapo ndipo maisha yake yalipojikunja. Aliyezoea kusimama mlangoni kwa watu na karatasi ya mahakama sasa alikuwa ndani, na wengine ndio waliosimama mlangoni. Alishtakiwa, akafungwa. Hata hivyo hakuitambua mamlaka iliyomshtaki, na utawala ukajikuta na mtu asiyeogopa kifungo na asiyekubali masharti. Mwaka 1945 alipelekwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, miongoni mwa wagonjwa wa akili, akakaa huko hadi 1947.

Wanaosimulia mkasa wa Mathari hukazia fedheha yake, nao hawakosei. Lakini liko jambo la kisheria linalozidi fedheha. Katika sheria iliyotoka Uingereza, mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu hawezi kufungua kesi kwa jina lake. Ni lazima asimamiwe na mtu mwingine, kama anavyosimamiwa mtoto mdogo. Madai yake hayawi ya uongo. Yanakuwa tu hayajasemwa. Serikali haikulazimika kuthibitisha kwamba Wabukusu hawakunyang'anywa ardhi, wala kwamba kazi ya shuruti ilikuwa halali. Ilitosha kusema kwamba anayeyasema hayo ni mgonjwa. Katika mwaka 1913 mlango wa mahakama ulifungwa kwa kumwita mlalamikaji mgeni; katika mwaka 1945 ulifungwa kwa kumwita kichaa.

Alipotoka Mathari wafuasi walikuwa wameongezeka badala ya kupungua. Mwaka 1947 aliwaongoza hadi Chetambe, kwenye ngome iliyovunjwa mwaka 1895, wakawakumbuka waliouawa hapo. Hapana budi kulitazama tukio hili kwa makini. Kesi ya Chetambe haikuwahi kusikilizwa na mtu yeyote. Waliokufa hawakuwa na daftari, na waliowaua ndio walioleta daftari baadaye. Katika mila ya Wabukusu, mzee anapofariki, mnenaji wa kumuse hutembea katikati ya waombolezaji akisema hadharani yaliyo mazito, akikemea na kupatanisha, na baada ya maziko madeni ya marehemu hutajwa mbele ya ukoo ili kila mmoja ajue kinachodaiwa na anayedaiwa. Masinde aliwaita watu mbele ya wafu wa miaka hamsini na miwili, na deni likatajwa. Kama kuna siku moja katika maisha yake ambapo alifungua kesi, ilikuwa siku hiyo, ingawa hakukuwa na karani wa kuiandika.

Miezi michache baadaye mambo yaliharibika. Mapema Februari 1948 wafuasi waliandamana hadi misheni ya Wakatoliki ya Kibabii wakitaka wamishonari waondoke. Tarehe 10 Februari umati ulikusanyika Malakisi ukidai waliokamatwa waachiliwe, na polisi wakafyatua risasi. Watu 11 walikufa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, na Masinde akakamatwa mwezi uleule. Yeye na wenzake wakuu, Wekuke na Walumoli, walihamishwa hadi Lamu. Lamu, mji wa washairi na wanazuoni, uligeuzwa jela ya mtu wa milimani, mbali na Masaba kadiri Kenya inavyoruhusu. Wakati yuko huko, mwezi Aprili 1950, moto wa dini hiyo ulifika kwa Wapokoti. Lukas Pkech na wafuasi wake walikabiliana na kikosi cha serikali huko Kolloa, na makumi ya watu wakafa, akiwemo Pkech mwenyewe na maafisa watatu wa Kizungu.

Masinde alirudi Kimilili mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru ukiwa unakaribia. Hapa wengi wangependa hadithi ikamilike kwa furaha: mfungwa wa wakoloni anarejea, bendera inapandishwa, mahakama zinakuwa za wananchi. Na kweli mahakama zilibadilika. Zile za wenyeji zilikuwa zimekwisha kuitwa mahakama za Waafrika kwa sheria ya mwaka 1951, na mwaka 1967 sheria mpya ya mahakama za mahakimu iliziondoa, ikaweka mfumo mmoja kwa watu wa rangi zote. Ile ngazi iliyopanda hadi kwa Mkuu wa Wilaya ilivunjwa. Mwaka uliofuata, 1968, serikali ya Kenya huru iliipiga marufuku Dini ya Msambwa, kama ile ya wakoloni ilivyokuwa imefanya miaka ishirini nyuma.

Kosa la Masinde lilikuwa lilelile. Hakuitambua serikali ya Jomo Kenyatta zaidi ya alivyoitambua ya gavana. Alihutubia bila kibali, alikataa kodi na masharti, na alirudishwa gerezani mara kwa mara katika miaka hiyo ya 1960 na 1970. Ni vigumu kumtetea katika yote. Mahakama ambayo sasa ilikuwa na mahakimu Waafrika, iliyoruhusu mawakili na rufaa, ilistahili angalau kujaribiwa, na wapo waliomfuata waliolipia ukaidi wake kwa vifungo ambavyo hawakuvichagua. Mkaidi akiwa peke yake ni shujaa. Akiwa na wafuasi wenye watoto, hesabu yake huwa ngumu zaidi. Lakini pia ni kweli kwamba mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa yakipita kutoka kwa walowezi kwenda kwa wenye fedha za kununua, na skwota asiye na fedha hakuwa amepata mahakama ya kumsikiliza kuliko alivyoipata baba yake. Aliyewahi kubeba samansi za mahari na mipaka aliijua tofauti hiyo.

Zipo hadithi nyingi za miujiza yake, za minyororo iliyofunguka na tabiri zilizotimia, nazo zina nafasi yake katika fasihi simulizi ya Wabukusu. Wanafunzi wa fasihi wangefanya vyema kuzikusanya kabla wasimulizi hawajatoweka. Hadithi ya utarishi haimo miongoni mwa zinazopendwa. Haina mwujiza. Ina kijana anayepita njia za Kimilili na karatasi ya mtu mwingine mkononi, akitafuta boma la mdaiwa.

Mwaka 1978, baada ya kifo cha Kenyatta, serikali mpya ya Daniel arap Moi ilimwachilia Masinde. Alirejea nyumbani Maeni, Kimilili, akiwa mzee, na hata katika uhuru huo hakuacha kugongana na polisi. Alifariki mwaka 1987, akazikwa Maeni.